Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu Sheikh Amri Abedi, mashairi yake na kazi yake ya dini

Nina steshenari ndogo hapa Arusha mjini, sio mbali na ule uwanja wa Sheikh Amri Abeid, natoa kopi, nachapa barua za watu, nafunga vitabu vilivyochanika. Ukutani nilibandika karatasi moja ina jina la Sheikh Kaluta Amri Abedi na kazi zake, nilibandika tu kwa sababu nampenda, basi tangu siku hiyo haipiti wiki mtu hajaniuliza kitu, wanafunzi ndio usiseme, halafu wazee wanaokuja kutoa kopi za vitambulisho, halafu vijana wa boda wanaokaa kivulini pale nje. Nimeona niyaweke majibu sehemu moja ili mtu akiuliza namtumia kwenye simu. Nimeandika kama ninavyoongea.

Kwani huyu wa kwenye uwanja hakuwa mchezaji mpira?

Hapana, hili ndio swali la kwanza kila mara na wala simlaumu mtu, jina tunalisikia kwenye redio kila kukiwa na mechi, sasa mtoto atajuaje. Alikuwa shehe, mshairi, mfasiri na waziri. Alizaliwa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924, akasoma Tabora, na alifariki Oktoba 1964, yaani miaka 40 tu. Ndani ya hiyo miaka michache alitoa kitabu cha sheria za ushairi pamoja na diwani, yaani mkusanyo wa mashairi yake, akashiriki kutafsiri Kurani nzima kwa Kiswahili, akaenda Rabwah kule Pakistani kusomea dini, akarudi akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam mwaka 1960, halafu Waziri wa Sheria 1963, halafu akapewa wizara ya maendeleo ya jamii na utamaduni. Mimi nikifikiria miaka 40 na hiyo orodha nanyamaza kwanza.

Ni mtu wa huku kwetu?

Hapana, ni wa Ujiji. Uwanja umepewa jina lake kwa kumbukumbu. Ila wazee wenye asili ya Kigoma wanaoishi hapa mjini wanalitaja jina lake kama jina la ndugu.

Abeid au Abedi, ipi sahihi?

Uwanja unaandikwa Abeid, kitabu kinaandikwa Abedi. Mtu ni yule yule. Nalisema hili kwa sababu wanafunzi wanatafuta kwenye intaneti kwa tahajia ya uwanja, wanaletewa matokeo ya mechi na picha za nyasi, wanarudi kwangu wanasema hana kitabu huyo. Andika Abedi, ongeza neno diwani, utampata. Hilo Kaluta la mwanzoni pia usiliache, vitabu vingine vinamworodhesha kama K. Amri Abedi.

Sasa alikuwa mshairi, shehe, au mwanasiasa? Mwalimu anataka jibu moja.

Mwalimu wako nitamheshimu lakini jibu moja halipo, na hapa ndipo ninapotaka tuelewane kabla ya maswali mengine yote. Watu wamemgawa vipande. Wa mpira wana jina, wa fasihi wana kitabu cha sheria, Waahmadiyya, dhehebu lake la Kiislamu, wana mmishonari wao, watu wa siasa wana meya, na kila mmoja anaondoka na kipande chake kama nyama ya sikukuu. Mimi nimekaa na kazi zake muda mrefu na ninachokiona ni sikio moja. Yule anayehesabu silabi ili mstari usipungue ndiye yule anayekaa na aya moja anatafuta neno la Kiswahili ambalo halitapunguza maana ya Kiarabu wala kuizidisha. Kupunguza na kuzidisha, hiyo ndio hofu ya mshairi wa vina, zile silabi za mwisho zinazofanana sauti, na ndio hofu ya mfasiri wa kitabu kitakatifu. Ukimsoma upande mmoja tu utaona sheria kali kali zisizo na sababu, ukizisoma pande zote mbili unaelewa ukali unatoka wapi.

Alitoa vitabu gani hasa?

Kitabu chake mwenyewe kinachojulikana kuliko vyote ni Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, cha mwaka 1954. Jina refu lakini linajieleza, ni vitu viwili ndani ya jalada moja: mwanzo kuna sheria, halafu inakuja diwani. Ni kama fundi anakuambia kiti kinatengenezwa hivi, halafu anakuonyesha viti alivyotengeneza, ukalie mwenyewe uone kama kinayumba.

Upande wa dini kazi kubwa ni ile Kurani Tukufu yenye tafsiri na maelezo kwa Kiswahili, iliyotoka Nairobi mwaka 1953 chini ya misheni ya Ahmadiyya ya Afrika Mashariki. Hiyo sio ya kwake peke yake, nitaieleza chini.

Angalia hiyo miaka. 1953 Kurani, 1954 sheria na diwani. Zimepishana mwaka mmoja. Na huo mwaka 1954 ndio chama cha siasa cha TANU kinazaliwa, Julai. Alikuwa na miaka 30 hivi.

Kwa nini mtu aandike sheria za mashairi? Si watu walikuwa wanatunga tu?

Walikuwa wanatunga sana. Gazeti la Mambo Leo lilikuwepo tangu 1923 na lilikuwa linapokea mashairi ya wasomaji kutoka kila kona, bara na pwani. Sasa mtu wa pwani amekulia kwenye nyumba ambayo babu anaimba tenzi, mama anaimba, shehe anaimba, sheria kazinyonya na maziwa, hahitaji kitabu. Mtu wa bara je? Mtu wa Moshi, wa Singida, wa Bukoba, Kiswahili kajifunzia shuleni, anapenda mashairi, anatuma gazetini, hana wa kumwambia hapa umepunguza. Ninavyoona mimi kile kitabu kilikuwa mwalimu kwa watu wasio na babu wa kuwaimbia. Na mwandishi mwenyewe ni mtu wa Ujiji, mji wa Waswahili kweli lakini uko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mbali kabisa na Lamu na Mombasa, kwa hiyo alikuwa amesimama katikati, anaijua pwani na anaijua bara. Wengi wanakihesabu kuwa kitabu cha kwanza cha Kiswahili kueleza kanuni za utunzi kwa mpangilio kama ule, na ndio maana mpaka leo kwenye mitihani wanamtaja.

Kwa Amri Abedi shairi ni nini? (hili la form four na form six)

Kwa ufupi wa kuandika kwenye daftari: shairi ni wimbo, na utenzi ni wimbo, kwa hiyo kitu kisichoimbika kwake hakina maana ya kuitwa shairi. Vina na mizani vinakuja kwa sababu ya kuimba. Wanafunzi wengi wanaandika kwamba yeye alitaka vina na mizani basi, wanaishia hapo, wanakosa maksi na wanakosa utamu pia. Hakutaka vina kama mapambo, alitaka sauti isikwame.

Naomba unifundishe kuhesabu mizani, kila nikihesabu napata namba tofauti.

Hapa nitakaa kidogo maana hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Mizani ni silabi, sio herufi. Shairi la kawaida la mistari minne, tarbia, kila mshororo, yaani mstari, una mizani 16, unakatika katikati, 8 huku na 8 huku. Kipande cha kwanza kinaitwa ukwapi, cha pili utao. Mwisho wa ukwapi kuna kina cha kati, mwisho wa utao kina cha mwisho. Nimetunga ubeti wangu mwenyewe wa mfano, ni wa kawaida tu, wa kufundishia:

Mvua kubwa Arusha, Meru haionekani,
Kahawa inatutosha, tumekaa barazani,
Redio nayo yakesha, yaimba humo chumbani,
Nani wa kutukumbusha, mashairi ya zamani?

Chukua kipande cha kwanza: m-vu-a-ku-bwa-a-ru-sha. Nane. Hiyo M ya mvua imehesabiwa peke yake kwa sababu ukitamka inasimama peke yake, midomo inafunga kwanza halafu ndio vu. Sasa nenda mstari wa tatu, chumbani: chu-mba-ni, tatu tu, ile M haihesabiwi kwa sababu imemezwa ndani ya mba. Watu wengi wanaanguka hapo hapo, anahesabu chu-m-ba-ni anapata nne, mstari wote unaharibika. Mtoto ni m-to-to, tatu. Mwalimu ni mwa-li-mu, tatu pia, M imemezwa. Nchi ni n-chi, mbili, ndizi ni ndi-zi, mbili. Usiangalie herufi, sikiliza mdomo wako.

Halafu angalia kwa nini nimesema redio nayo yakesha na sio redio nayo inakesha. Inakesha ina silabi nne, kipande kingekuwa na tisa. Yakesha ina tatu, tumetulia kwenye nane. Huo ndio uhuru wa mshairi wa jadi, watu wanasema sheria zinabana lakini mshairi ana milango yake, anafupisha neno, na hiyo wanaiita inkisari, au analirefusha, mazida, ili mradi msikilizaji aelewe na sauti ikae.

Ukitaka njia rahisi zaidi, mimi nilifundishwa na mzee mmoja fundi cherehani wa Kaloleni, sasa hivi hayupo duniani. Alikuwa hahesabu kwa namba kabisa. Anagonga meza ya cherehani kwa kidole cha shahada, nane, anatulia kidogo kama anavuta pumzi, nane tena. Mstari ukipungua kidole chake kinabaki hewani hakina pa kutua. Alikuwa anakiangalia kile kidole, anakuangalia wewe, halafu anasema, mwanangu, rudia. Hakuwahi kuniambia umekosea. Anasema rudia tu, na mimi nilikuwa najua nimekosea wapi kwa kile kidole.

Mbali na vina na mizani kuna nini kingine cha kujua?

Utoshelezi. Kila ubeti ujitosheleze, uwe na wazo lake kamili, usiache mtu ananing'inia mpaka ubeti unaofuata. Na kituo, ule mstari wa mwisho, aidha unabadilika kila ubeti unafunga wazo, au unarudiwa rudiwa na hapo unaitwa kibwagizo au kiitikio, watu wote barazani wanadakia. Ndio pale ushairi unakuwa wa watu wengi, mmoja anaghani wengine wanapokea.

Na utenzi unatofautiana vipi na shairi?

Utenzi mistari yake ni mifupi, kwa kawaida mizani 8, minne kwa ubeti, mitatu ya kwanza ina kina kimoja na wa nne una kina kinachotembea utenzi mzima toka mwanzo mpaka mwisho. Ni wa kusimulia jambo refu, vita, maisha ya mitume, mawaidha.

Hivi kwa sheria zake mashairi huru sio mashairi?

Kwa sheria zake, hapana, na hili lilikuja kuleta moto mkubwa baada ya yeye kufariki. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, mashairi hayana vina wala mizani ya kuhesabu, na akina Mulokozi na Kahigi nao wakaja na hoja kwamba vina na mizani sio uti wa mgongo wa ushairi. Upande wa pili wakasimama watu kama Saadani Kandoro na wengine wengi, wakasema huo ni mgeni mlangoni na hajabisha hodi. Mjadala ulichukua miaka, magazetini, vyuoni, na kila upande ulikuwa unamrudia Amri Abedi, huyu anamtumia kama ngao na yule anamtumia kama ukuta wa kubomoa. Mwenyewe alikuwa kaburini miaka kumi, hakuwa na nafasi ya kujibu.

Mimi binafsi nasoma pande zote na Kezilahabi namsoma usiku nikiwa peke yangu. Lakini sijawahi kumwona mtu kwenye haisi au msibani au harusini akiimba shairi huru kwa kichwa, na tenzi za zamani watu wanazo kichwani mpaka leo. Sisemi moja ni bora, nasema sheria za Amri zilikuwa zinalinda kumbukumbu ya watu ambao hawana maktaba nyumbani. Hilo kwenye ule mjadala naona halikupewa uzito wake.

Kwenye Kurani ya Kiswahili yeye alifanya nini hasa?

Kiongozi wa kazi ile alikuwa Sheikh Mubarak Ahmad, mmishonari wa Ahmadiyya aliyetoka India akaja Afrika Mashariki mwaka 1934 akaweka makao Tabora. Kazi ya kutafsiri ilianza miaka hiyo ya 30 ikaja kuchapwa 1953, hesabu mwenyewe hiyo ni subira ya namna gani. Amri Abedi alikuwa mmoja wa wenyeji waliomsaidia, na msaada wa mwenyeji kwenye kazi kama hiyo sio mdogo. Mgeni anaweza kuijua Kurani, akajua na Kiswahili cha kutosha, lakini neno gani litaingia sikio la mama wa Ujiji au la mzee wa Tanga bila kukwaruza, hilo linataka mtu aliyezaliwa ndani ya lugha, na bora zaidi awe mshairi.

Kabla ya hapo tafsiri nzima iliyokuwepo ni ya padri Mwingereza wa misheni ya Unguja, Godfrey Dale, ya 1923. Kwa hiyo kwa miaka 30 mtu aliyetaka kusoma Kurani nzima kwa Kiswahili alikuwa anasoma kazi ya padri.

Mbona namba za aya kwenye hiyo Kurani haziendani na ya kwangu?

Swali zuri, na waliolileta ni watu wanaokuja kutoa kopi ya ukurasa halafu wanalinganisha. Waahmadiyya wanahesabu Bismillahi iliyo mwanzo wa sura kama aya ya kwanza. Kwa hiyo namba zote zinasogea moja mbele. Suratul Ikhlas kwenye msahafu wako ina aya 4, kwao 5. Fatiha inabaki 7 kama ulivyozoea, na Tawba haina Bismillahi kwa hiyo hapo hakuna tofauti. Maneno ya Kiarabu ni yale yale, ni hesabu tu.

Mimi ni Sunni, nikisoma kazi zake nitakuwa nimekosea?

Swali hili naulizwa kwa sauti ya chini na ninalijibu kwa heshima. Tofauti ipo na ni kubwa, haina haja ya kuificha. Ahmadiyya ilianzishwa na Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, India, mwaka 1889, na jambo la utume wake ndilo linalowatenganisha na Waislamu wengine, pamoja na suala la Nabii Isa ambapo wao wanasema alikufa kifo cha kawaida. Hayo yanaonekana kwenye maelezo ya ile tafsiri, hasa Sura Aal Imran pale Mungu anapozungumza na Isa. Masheikh wa pwani waliipinga tafsiri ile waziwazi, na Sheikh Abdulla Saleh Farsy wa Unguja, ambaye naye alikuwa mtu wa kalamu kweli kweli, alitoa tafsiri yake nzima mwaka 1969 na akaeleza makosa aliyoyaona kwenye za wenzake. Kwa imani yako muulize shehe wako, mimi ni mtu wa kopi.

Lakini kitabu cha sheria za ushairi sio kitabu cha madhehebu. Wakristo wanakisoma, walimu wa serikali wanakifundisha. Na hata kwenye tafsiri, ukiziweka hizo mbili mezani, ya 1953 na ya Farsy, ukasoma sura fupi fupi moja baada ya nyingine, utajifunza Kiswahili kuliko darasa lolote, unaona watu wawili wanaotofautiana kabisa wote wanahangaika na neno moja.

Dini si imekataza mashairi?

Hili linaletwa na vijana wa madrasa, na wanataja Suratush Shu'araa, sura ya 26, zile aya za mwisho kuanzia 224, ambapo inasemwa washairi wanafuatwa na wapotofu na wanasema wasiyoyatenda. Ni kweli ipo. Ila soma mpaka 227, inafuata isipokuwa walioamini na kutenda mema na kumkumbuka Mungu sana. Mlango umeachwa wazi hapo. Na Mtume mwenyewe alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit, aliyekuwa anajibu mashairi ya maadui kwa mashairi.

Kurani yenyewe sio shairi na inajikataa kuitwa shairi, sura ya Yasin inalisema hilo. Lakini mtoto yeyote aliyekaa kwenye mkeka wa madrasa anajua sauti inavyorudi, Ikhlas inaishia ahad, samad, yulad, ahad. Sasa mtafsiri akiipeleka kwenye Kiswahili hiyo sauti inapotea, na mtu mwenye sikio la mshairi atalisikia pengo hilo hata kama hawezi kulijaza. Naamini Amri Abedi alilisikia.

Kuna wengine waliochanganya ushairi na dini kama yeye?

Huo ndio ulikuwa mwendo wetu wa asili, kutenganisha ndio ugeni. Kule Pate na Lamu waliotunga tenzi kubwa za zamani walikuwa ni wanazuoni, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir na Inkishafi yake, Mwana Kupona na utenzi wa mawaidha kwa binti yake mwaka 1858. Upande wa Wakristo kuna Mathias Mnyampala wa Dodoma, Mkatoliki, aliyetunga utenzi wa Injili na wa Zaburi, na alikuwa wa kizazi kimoja na Amri. Mwalimu Nyerere naye uzeeni alizigeuza Injili kuwa tenzi. Hebu fikiria, Mgogo Mkatoliki, Mzanaki Mkatoliki, Mwahmadiyya wa Ujiji, wote wanatumia chombo kilichochongwa na Waislamu wa Pate, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi hapa huwa naguswa sana, sijui kwa nini tunawafundisha watoto haya mambo vipande vipande.

Mashairi yake ni magumu? Mwanangu yuko form two.

Kuna maneno ya Kiarabu na ya pwani ambayo hayasikiki huku kila siku, kwa hiyo awe na kamusi karibu. Ila asikimbilie kamusi kwanza. Aimbe shairi zima mara mbili kwa tuni yoyote anayoijua, hata ya kaswida, hata ya kwaya, ndio arudi kwenye maneno. Nimewaona watoto hapa dukani wanasoma kimya kimya kama wanasoma historia, wanachoka ukurasa wa pili. Akiimba hachoki.

Alifariki wapi?

Ujerumani Magharibi, Oktoba 1964, akiwa bado waziri. Sitaongeza zaidi ya hapo, watu wanaleta stori nyingi na mimi stori zisizo na ushahidi sizitoi kopi.

Vitabu vyake navipata wapi, Arusha au Moshi?

Sheria za Kutunga Mashairi ilichapwa tena baadaye baada ya ile ya 1954, kwa hiyo nakala za zamani bado zinazunguka. Anza na maktaba ya mkoa, ya Arusha au ya Moshi, uliza kwa jina la mwandishi, Abedi. Pita kwa wanaopanga vitabu vya zamani chini pembeni ya barabara, chambua taratibu, mara nyingi kipo chini kabisa ya vitabu vya hesabu. Waulize walimu wastaafu wa Kiswahili, hao ndio hazina, kila mwalimu mstaafu ana sanduku. Kurani ya 1953 waulize Waahmadiyya wenyewe, watakuonyesha bila shida.

Na tafadhali, ukikipata usikikunje. Shule moja ilileta nakala kwangu nikatoe kopi, jalada halipo, kurasa za mwisho za diwani zimeliwa na mchwa, nilikaa na gundi jioni nzima nikaokoa nilichoweza, ile sehemu ya sheria ilipona yote lakini mashairi kadhaa yalibaki nusu, unaona ukwapi, utao umeliwa.

Mbona huweki beti zake hapa tuzione?

Kwa sababu ninazozijua kwa kichwa nimezipata kwa mdomo wa yule mzee wa cherehani, na mdomo unabadilisha neno hapa na pale, nisije nikaweka silabi saba kwenye mstari wa mtu aliyeandika kitabu kizima kututaka tuweke nane. Njoo dukani, nakala niliyoiunga iko kwenye droo ya juu, utasoma ukiwa umekaa kwenye kile kigoda. Ila usome kwa sauti, hata kama kuna wateja.